Mwezi Nilioandamisha Peke Yangu

Pemba haina mto wa kuteremka kwa boti ya mpira. Nakwambieni mapema, nyinyi vijana mnaoanza kazi ya kuongoza wageni, kwa sababu mimi niliiuza safari hiyo kwa miaka mingi. Watu walipanda, wakapiga kelele, wakapiga picha, wakarudi kwao kusimulia kwamba wameteremka mto wa Pemba. Walichoteremka ni hori la mikoko nyuma ya kijiji chetu, upande wa Wambaa. Hori ni maji ya bahari yaliyoingia nchi kavu kutembea. Yakijaa yanapanda juu, yakishajaa yanasimama kidogo kama mtu aliyesahau alichofuata, kisha yanarudi yalikotoka.

Ujanja wangu wote ulikuwa hapo. Naingia na wageni maji yakiwa yanapanda, yanatusukuma mpaka juu kwenye miti ya popo. Tunapumzika, tunaangalia popo, tunakula embe. Maji yakigeuka, yanatusukuma tena kurudi. Wageni wanaona wamepiga makafi kutwa nzima, nami sijatoka hata jasho la kwapa. Nilijiona mvumbuzi mkubwa.

Kazi yenyewe sikuianza majini. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na Kiingereza cha kutosha kumtisha mtu asiyekijua, nikapelekwa kwa Mzee Kombo, mlinzi wa msitu, ili nitembeze wageni. Mzee Kombo alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo mengi yalikuwa ya kuniambia ninyamaze.

Katika miezi ya mwanzo, mgeni mmoja aliniuliza jina la kindege chenye kichwa cheusi. Sikulijua. Kijana aliyesoma hawezi kusema hajui, basi nikamwambia anaitwa Bwana Harusi, kwa sababu hutokea mara moja akatoweka. Mgeni akacheka, akaandika. Mwaka uliofuata akaja rafiki yake na darubini shingoni, ametoka kwao kwa ajili ya Bwana Harusi tu. Nilimtembeza msitu mzima nikimtafuta ndege niliyemzaa mwenyewe. Mzee Kombo alitufuata nyuma. Jioni akaniuliza, "Khatibu, harusi lini?"

Jingine nililojifunza kwake ni la popo. Mnawajua popo wetu, wakubwa, mabawa kama miavuli, wananing'inia mchana kutwa. Wageni wanataka waruke wapate picha. Mimi nilikuwa napiga makofi, popo wanaruka wote, mama na watoto waliowang'ang'ania vifuani, juani, saa nane mchana. Wageni wanashangilia. Siku moja Mzee Kombo akanishika mkono.

"Nikija kwako umelala baada ya chakula, nikapiga makofi dirishani mpaka wewe na mkeo mkatoka mbio, utaniita mwongozaji?"

"Nitakuita mwendawazimu, mzee."

"Haya. Basi jiite."

Sijapiga makofi tangu siku hiyo. Mgeni akitaka waruke, mwambieni asubiri Magharibi, wataruka wenyewe.

Alinifundisha na maji. Tazama mizizi ya mkoko, alisema. Ikiwa mikavu mpaka pale inapozama, maji yanapanda. Ikiwa imelowa juu ya maji, hata kwa upana wa vidole viwili, maji yanatoka, geuza. Hakuna cha kuhesabu, macho tu. Jambo jepesi kiasi hicho nililifundisha kwa mamia ya wageni, na siku nilipolihitaji nikakataa kulitazama.

Hapo ndipo unapoingia mwezi.

Sisi wa zamani maji tunayapima kwa mwezi. Mwezi mchanga na mwezi mpevu ni bamvua, maji yanajaa sana na kutoka sana, na kwenye hori yanatoka kwa hasira. Na kila siku maji hujaa kwa kuchelewa, karibu saa nzima kuliko jana yake. Ukijua leo mwezi ngapi, unajua maji yatajaa saa ngapi. Ukikosea mwezi kwa siku moja, umekosea maji kwa hiyo saa.

Mwaka wa siku hiyo, nimeshazeeka, Ramadhani ilikuwa imefika mwezi ishirini na tisa. Tulisimama nje ya msikiti baada ya Magharibi, kila mtu anatafuta mwezi wa Idd. Mimi nikauona. Juu ya minazi, mwembamba, umelala chali. Nikapiga kelele, "Ule pale!" Watu wakaja, wakakodoa.

"Wapi, Mzee Khatibu?"

"Pale, fuata kidole."

"Pale pana wingu."

"Kushoto ya wingu."

"Kushoto ya wingu pana taa ya mnara wa simu."

Shehe wetu, mtu mpole, alinihoji kwa adabu, akasikiliza, akasema mwezi haukuthibiti na kesho tutafunga. Nikafunga na wenzangu. Lakini barazani sikuacha: mimi nimeuona, nyinyi macho yenu mabovu. Muuza kahawa akanimaliza. "Mzee Khatibu, kama uliuona, mbona leo umefunga?" Watu wakaanza kuniuliza habari za mwezi wangu kama mtu anavyoulizwa habari za mgonjwa. Na kadiri walivyocheka ndivyo nilivyoushika. Wao wakihesabu Mfunguo Mosi, mwezi wa Idd, tarehe tano, mimi nahesabu sita. Nilikuwa mtu mmoja mwenye kalenda yake.

Wakati huo kazi haikuwa yangu tena. Binti yangu Rukia ndiye aliyekuwa na leseni, boti ya mpira, boti ya mashine na majaketi ya kuokolea. Mimi nilikuwa nimebaki kwa hisani. Watu wa hoteli inayomletea wageni walikuwa wamemwambia wazi kwamba mzee amekuwa mzee, apumzishwe. Rukia alinipigania. Asubuhi moja aliniwekea chai, akakaa.

"Baba, nimekuombea safari moja. Inakuja familia kutoka Maskati. Ikienda salama, utaendelea na hori. Isipokwenda, utakaa nyumbani, na sitaki tugombane."

"Nani kasema nagombana?"

"Baba."

"Haya."

Nilitaka kuendelea kuliko nilivyotaka kitu chochote. Sijui kama mnaweza kulielewa hilo, nyinyi ambao bado mnalalamika kuamka mapema. Mtu akishaambiwa "mwongozaji" kwa miaka, halafu akaambiwa "babu yupo barazani," anajihisi kama kiatu kilichoachwa nje ya mlango.

Familia ikaja. Bwana Suleiman, mtu wa hesabu benki, mnene, mchangamfu, anataka mto na anataka wanyama. Mkewe Bi Zuwena, anayeogopa maji na hasemi. Binti yao Thuraya, wa darasa la sita, anayeuliza kila kitu. Na mama yake Bwana Suleiman, Bi Shariffa, aliyezaliwa hapa Pemba akaondoka msichana. Alikaa kwenye boti ya mpira na mwavuli mkononi kama amekaa sebuleni kwake.

"Sabalkheri, Bi Mkubwa."

"Sabalkheri. Wewe mtoto wa nani?"

"Wa Faki Khatibu."

"Khatibu aliyekuwa akichuma karafuu kwa baba yangu?"

"Huyo babu yangu. Nimerithi jina lake."

"Alikuwa muongo hodari, yule."

"Na hilo nimerithi, Bi Mkubwa."

Akacheka mpaka mwavuli ukatikisika. Nikajua siku imekaa vizuri.

Ilikuwa katikati ya mwezi, bamvua. Rukia alitazama simu yake. "Baba, hapa wanasema maji yanajaa saa kumi."

"Saa kumi na moja kasorobo," nikasema. Kwa mwezi wangu.

"Simu inasema kumi."

"Simu hiyo imewahi kuingia horini?"

Rukia alinitazama. Wageni walikuwa wanasikia, na yeye hakutaka kumvunja baba yake mbele ya watu. "Haya, baba. Mimi nitakungojeni na boti ya mashine kwenye mlango wa hori." Mlango wa hori ndipo maji yanapotoka kwenda mkondoni, kwenye bahari kubwa, ambako boti ya mpira isiyo na mashine haina lake.

Tukapanda. Safari ya kwenda ilikuwa nzuri mno. Kulastara, wale ndege wa miguu mirefu, wamesimama kama walinzi wa benki, nikamwambia Bwana Suleiman hivyo, akafurahi. Tumbili wakatufuata juu ya mikoko. Kaa mwekundu akamtishia Bi Zuwena kwa gando moja, na kwa mara ya kwanza tukamsikia akicheka. Nikamfundisha Thuraya habari ya mizizi, kwa sauti ya mwalimu mkuu: ikiwa mikavu maji yanapanda, ikiwa imelowa yanatoka.

Tukafika kwa popo. Mamia, wamening'inia, wanajikuna, wanagombana, mmoja anamnyonyesha mwanawe huku anapepea bawa. Hapo nilikuwa mfalme. Nikaeleza, nikapanga hadithi juu ya hadithi. Nilikuwa na nafasi tele, kwa hesabu yangu. Thuraya akainama pembeni ya boti.

"Babu, hii mizizi imelowa juu ya maji."

"Ni mawimbi ya boti yetu."

"Tumesimama, babu. Hatuna mawimbi."

"Basi ni ya boti nyengine."

Hapakuwa na boti nyengine horini siku hiyo. Mtoto akatazama kushoto na kulia, akaitafuta, kisha kwa adabu akanyamaza. Vijana wangu, kama kuna mahali katika maisha yangu ninapotamani kurudi ni hapo, kwenye ule ukimya wa mtoto. Mizizi ilikuwa imelowa kiganja kizima. Niliiona. Lakini kuikubali ilikuwa ni kukubali kwamba ule mwezi ulikuwa taa ya mnara wa simu, na barazani nilikuwa nimeshaapa.

Nikaendelea na hadithi. Nikakata embe la pili.

Tulipogeuka, hori lilikuwa limeshageuka zamani. Kuna mahali tunapaita Shingo, hori linapobana kati ya kingo mbili za tope, na maji ya bamvua yakitoka yanapita pale kwa kusukumana. Desturi yangu ilikuwa kulipita Shingo maji yakiwa bado yamelala. Siku hiyo niliyasikia kabla sijayaona.

Boti ikazunguka. Ikaenda kinyumenyume, ikapiga kingo, ikaruka. Maji yakatumwagikia. Bwana Suleiman akanyanyua kafi juu kama mtu aliyeshinda kombe.

"Wallahi hii ndiyo yenyewe! Mama, umeona? Huu ndio mto!"

"Nimeona, kaa chini," akasema Bi Shariffa. "Unatuzamisha kwa furaha."

Thuraya anapiga kelele za raha. Bi Zuwena amefumba macho, anasoma dua. Na mimi nyuma, kafi langu linashika maji na maji hayashikiki, najua kitu wasichokijua wao: tunafika mlangoni kabla ya wakati Rukia anaotutegemea kwa hesabu yangu, mlangoni maji yanamwagika mkondoni, na kama Rukia hayupo pale tutapita moja kwa moja.

Ningeweza kunyamaza. Walikuwa wanafurahi. Ningeweza kuwaambia hii ni sehemu ya safari, nikaomba Mungu Rukia awe amewahi, na leo ningekuwa nakusimulieni mambo mengine, au labda nisingekuwa nasimulia. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema "shikeni vizuri, sasa inanoga." Nikamwona Bi Zuwena amemkumbatia mwanawe kwa mkono mmoja na kwa mwengine ameshika kamba ya boti, vidole vimekuwa vyeupe.

"Bwana Suleiman," nikasema, "nimekosea maji. Tusipotoka hapa yanatupeleka bahari kubwa. Piga kafi upande wa kulia kwa nguvu zako zote, tuingie topeni."

Furaha ikamtoka usoni. Hakuuliza. Akapiga. Nami nikapiga, na Bi Shariffa akapiga maji kwa mwavuli, na sijui kama mwavuli ulisaidia, lakini yeye mpaka leo anasema ndio uliotuokoa. Boti ikakwaruza, ikapanda ukingo wa tope, ikakwama. Maji yakatuacha hapo hapo, yakajiendea zake.

Kaa wakaanza kutoka mashimoni kututazama.

"Mzee," akasema Bwana Suleiman, anahema, "umekosea vipi?"

Nikawaeleza. Mwezi, msikiti, wingu, mnara wa simu, muuza kahawa. Yote. Nilitegemea matusi, na alikuwa na haki nayo. Bwana Suleiman akamtazama mkewe, akasema kwa sauti ya chini ambayo iliniuma kuliko kelele, "Mtoto alikwambia."

"Alinambia," nikasema. "Thuraya, ulisema kweli, nami nilikujibu uongo. Nisamehe."

Thuraya akaona haya, akajificha nyuma ya bibi yake.

Mashine ikasikika. Rukia hakungoja saa yangu. Aliifuata ya simu, akatukosa, akapanda horini kututafuta. Akasimama kwenye maji yaliyobaki, kati yetu na yeye pana tope la kutosha kumeza ng'ombe.

"Mko salama?"

"Tuko salama!"

"Nyote?"

"Sote!"

Akakaa chini kwenye boti yake, akafunika uso kwa mikono. Kisha akasimama, akaanza kutupangia kazi, na mimi nikapangiwa kama wengine.

Hili la tope lichukueni, litakufaeni. Msisimame wima, mtazama mpaka kiunoni. Vueni viatu. Laleni juu ya boti ya mpira kifua na mikono, miguu ipige tope nyuma kama chura; boti inateleza juu ya tope kuliko majini. Ndivyo tulivyofanya, mimi na Bwana Suleiman nyuma, Bi Zuwena na Thuraya ubavuni, na Bi Shariffa juu, peke yake, amefungua mwavuli.

"Kushoto kidogo," anasema. "Khatibu, husukumi."

"Nasukuma, Bi Mkubwa."

"Babu yako alikuwa akisema hivyo hivyo, na pishi yake ya karafuu tupu."

Bi Zuwena akaanza kucheka, tope mpaka kwenye nyusi, akashindwa kusukuma. Akacheka Bwana Suleiman. Jua lilikuwa linazama, na popo wakaanza kuondoka kutoka juu ya hori, kwa makundi, bila ya mtu kupiga makofi, wakapita juu yetu sisi tuliolala topeni kama mamba. Thuraya aligeuka chali akawatazama mpaka wa mwisho. Hiyo ndiyo picha pekee ambayo hakuna aliyeipiga.

Gatini Rukia akachota maji. Alininawisha miguu kwa ndoo, mwenyewe, kama ninavyokumbuka nikimnawisha yeye alipokuwa mdogo. Nikamwambia, "Ulisema isipokwenda salama nitakaa nyumbani. Haikwenda."

"Haikwenda, baba."

"Sigombani."

"Najua."

Nilidhani wale wageni wangepanda ndege ya kwanza. Siku ya pili yake Bwana Suleiman akapiga simu, wanataka kwenda tena, Thuraya hawaachi walale. Lakini aongoze Rukia. Na Bi Shariffa akasema yeye haendi bila ya muongo wake. Basi nikapanda. Nikavishwa jaketi la kuokolea, nikakalishwa katikati, karibu na mwavuli, bila ya kafi.

Sikuwahi kukaa pale. Miaka yote ile nimekaa nyuma nikitazama vichwa vya watu, na sikujua kwamba kutoka pale katikati huyaoni maji yanayokuja. Unaona migongo, na unasikia sauti ya mtu mmoja nyuma yako. Umempa roho yako na ya mwanao, na humwoni hata uso. Nilitafuta kamba ya boti, nikaishika.

Tulikuwa bado hatujafika kwa popo Rukia aliposema mizizi imelowa, akaanza kugeuza boti. Tuliwasikia, wanagombana nyuma ya kona tu. Bwana Suleiman akahuzunika kama mtoto. Akanigeukia, akaninong'oneza.

"Mzee Khatibu, wewe hori unalijua. Si bado tuna nafasi, ya dakika chache tu?"

Na mimi, naijua nafsi yangu, nilikuwa nimeshageuka kuangalia jua, nimeshaanza kupiga hesabu.

"Muulize nahodha," nikasema.